Msaliti Kwenye Kiti cha Turubai

"Korongo, hapa Kiota. Ondoka hapo. Narudia: ondoka."

Delyth Probert alikikandamiza kidude cha redio sikioni, kama mtu aliyetukanwa akataka alisikie tusi vizuri.

"Kiota, mgeni wangu bado yumo ndani. Saa nane anatakiwa mbele ya Tume ya uchunguzi. Naondokaje?"

"Mgeni atachukuliwa na wengine."

"Wengine gani?"

Ikajibu ile sauti ya kijana wa ofisini, sauti isiyowahi kulowa mvua: "Amri imetoka juu, Korongo. Acha funguo mlangoni. Nenda nyumbani ukanywe chai."

Redio ikakatika.

Delyth alisimama katikati ya sebule na bastola yake aina ya Glock kiunoni. Miaka yote aliyofanya kazi Idara ya ujasusi hajapata kusikia jasusi akiambiwa aache funguo mlangoni. Funguo za nyumba ya maficho haziachwi mlangoni kwa ajili ya mwenzako. Mwenzako anazo zake.

Zinaachwa kwa ajili ya muuaji.

Alijibanza ubavuni mwa dirisha, akasogeza pazia.

Mtaa wa Tolliver, hapo Pimlico, ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Malori meupe yalijipanga huku na huku. Nyaya nene zilitambaa barabarani kama chatu. Taa kubwa zilimwaga mchana juu ya mchana. Na juu ya winchi kulikuwa na mashine ya mvua, kwa sababu siku hiyo jua lilikuwa linawaka London, na tamthilia ya kijasusi isiyo na mvua Waingereza hawaitazami.

"Wanapiga picha za *Koti la Kijivu*!" Ognyan Velchev alikuja nyuma yake na yai la kuchemsha mdomoni, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, macho yanang'aa kama ya bwana harusi. "Delyth, dada yangu, nishushe chini dakika moja tu. Nimwone yule mwigizaji. Kiingereza changu chote nimekipata kwao. Kule kwetu Sofia tulikuwa tunaangalia kanda zao tumefunga madirisha!"

"Rudi nyuma, Ognyan."

"Nimpe mkono tu."

"Ukimpa mkono, mkono utarudi peke yake. Rudi nyuma."

Ognyan akarudi, akinung'unika kwa Kibulgaria. Kwa miaka mingi alikuwa tarishi. Alichukua London bahasha zenye majina ya watu wa Idara waliojificha nchi za nje, akazipeleka kwa wauza silaha. Na wenye majina wakafa mmoja mmoja, huyu gari limegonga mti, yule ameteleza bafuni. Sasa tarishi amezeeka na amechoka kuota maiti. Leo saa nane angesimama mbele ya Tume na kumtaja aliyekuwa akiuza.

Jina lenyewe alikuwa amemnong'oneza Delyth jana, wakiosha vyombo.

Sir Jocelyn Thackray.

Delyth aliinua darubini ndogo ya Leica. Akapita juu ya malori, juu ya watazamaji waliobanana nyuma ya utepe na simu zao juu, juu ya bibi mmoja aliyewatolea mafundi sinia la biskuti. Darubini ikatua.

Kiti cha turubai. Mgongoni kimeandikwa MSHAURI.

Na aliyekikalia ni Sir Jocelyn mwenyewe, koti la sufu, miguu imepishana, anasaini vitabu vya mashabiki.

Ni lazima uwajue Waingereza na tamthilia zao, la sivyo huwezi kuelewa mzee kama huyu anapataje ujasiri wa kuja kuua mtu mchana kweupe huku amekaa kwenye kiti chenye cheo chake. Jumapili jioni nchi nzima inanyamaza. Simu hazipokelewi. Wanapenda nini? Wanapenda makoti. Wanapenda vioo vya treni vyenye ukungu, na msomi anayekoroga chai taratibu huku anaamua nani afe. Msaliti wao lazima awe mpole, awe amesoma, awe na huzuni fulani machoni, na mwisho wa hadithi humwonea huruma. Aliyesalitiwa je? Huyo hata jina hapewi. Huonyeshwa anaanguka tu, kisha muziki.

Sir Jocelyn alistaafu Idara akapewa nishani, na kutoka kwenye nishani akahamia kwenye runinga. Lakini vijana wake ndio waliobaki wakishika simu za Kiota. Akitaka mtaa ufungwe, manispaa inaufunga kwa furaha. Akitaka watu wenye bunduki wavunje mlango, umma unapiga makofi.

Delyth aliteremsha darubini. Siri nyingine ya mzee yule alikuwa ameipata mwezi uliopita, nyumbani kwa mama yake, kule Cwmdulas, kwenye mabonde ya makaa ya mawe ya Wales.

Mwezi uliopita mama yake alikuwa akitazama kipindi cha jinsi *Koti la Kijivu* linavyotengenezwa. Mshauri akahojiwa. Akachovya biskuti kwenye chai, akaifyonza, akafuta kidole gumba kwenye soksi yake. Mama akaweka kikombe chini.

"Huyo ni Kev wetu," akasema.

"Mama, huyo ni bosi wangu wa zamani. Huyo ni Sir."

"Sauti kabadilisha, nywele zimemwisha. Lakini gumba na soksi! Nimemfulia soksi mwaka mzima, Del. Huyo ni Kev."

Kev Dooley aliingia Cwmdulas mwaka ule wa mgomo mkubwa, 1984. Eti kafukuzwa kazi bandarini Liverpool. Emrys Probert, baba yake Delyth, katibu wa chama cha wachimbaji, akampa chumba cha nyuma. Kijiji kizima kinashinda njaa, watoto wanaokota makaa kwenye vifusi, na Kev anapewa bakuli la kwanza la supu ya kondoo kwa kuwa ni mgeni. Jumapili jioni wanaume wako kwenye vizuizi vya mgomo langoni mwa mgodi, Kev yuko kwenye kochi na Delyth wa miaka saba, wanatazama tamthilia ya majasusi. Mtoto alizipenda hizo tamthilia mpaka anaziota. Ndizo zilizomwajiri kabla Idara haijamwajiri.

Siku moja polisi walifika. Hawakuuliza chochote. Hawakupekua nyumba. Walikwenda moja kwa moja kwenye banda la njiwa wa Emrys, wakainua ubao wa tatu, wakatoa baruti.

Kev alikuwa ameshaondoka.

Emrys alifia gerezani, mapafu yamejaa vumbi, jina lake limeandikwa gaidi. Njiwa walikaa juu ya paa majuma na majuma wakimngoja. Wako waliosahau. Mabonde hayajasahau.

"Ognyan," Delyth alisema. "Ingia bafuni. Lala ndani ya beseni la chuma. Usifungue hata ukisikia sauti yangu."

"Na nikitaka kukojoa?"

"Uko bafuni, Ognyan."

Alishuka. Mlango wa mbele, namba ishirini na moja, akaufunga. Kisha akachomeka funguo kwenye kitasa, nje, kama alivyoagizwa.

Mtumishi mtiifu.

Kwenye utepe alisimama askari wa zamu, Konstebo Purdy, mashavu mekundu, tabasamu la mtoto aliyepelekwa sarakasi.

"Konstebo. Wale wanne wenye nguo nyeusi pale kwenye gari la Ford Transit. Wamekuja kuua mtu."

"Ssh, dada. Wanarekodi."

"Bunduki zao ni za kweli." Akamtolea kitambulisho cha Idara.

Purdy alikipokea, akakigeuza nyuma, akakipeleka mwangani. "Aisee! Mpaka muhuri! Walipokuja kupiga picha kwetu Kew walinipa cha karatasi tu. Wewe unaigiza nani?"

"Piga simu makao makuu. Sasa hivi."

"Niharibu picha? Mke wangu atanifukuza. Anakipenda hicho kipindi kuliko anavyonipenda mimi, na simlaumu." Akaunyanyua utepe kwa adabu zote. "Kaa nyuma hapa, kipenzi. Samahani, eh? Samahani sana."

Delyth alipiga namba ya dharura.

"Tolliver Street?" Mwanamke wa upande wa pili alicheka. "Hapo wanapiga filamu, mpenzi. Leo tumeshapigiwa mpaka tumechoka. Usiogope, hizo risasi si za kweli."

Simu ikakatwa.

Basi. Peke yake.

"Kata!" alipaza mwongozaji.

Na hapo mwanamke mnene mwenye sauti ya msumeno akatokea akisukuma mkokoteni wa chuma. Huyu alikuwa Maxine Odger, mtunza silaha. Kwenye kazi hiyo sheria ni moja: ikisikika "kata", kila bunduki inarudi mkokotenini, hata kama mwigizaji anakufa na kiu.

"Bunduki zangu, wanangu! Hakuna kwenda kula na bunduki! Wewe Tarquin, hiyo si mkufu, lete hapa!"

Waigizaji walijipanga mstari. Kumi na kitu, wote nguo nyeusi, wote kofia za chuma, huwezi kumjua nani ni nani.

*Usiangalie nyuso, mtoto,* Kev alikuwa akimwambia pale kwenye kochi. *Uso hudanganya. Angalia mikono.*

Delyth akaangalia mikono.

Mikono ya waigizaji ilikuwa mitupu, inashika vikombe vya chai na mikate ya nyama ya nguruwe. Mikono ya wanne pale Transit ilikuwa bado na bunduki. Heckler & Koch, mtutu chini, kidole kimenyooka kando ya kifyatulio. Hawakujipanga mstari. Hawakutaka chai.

Alimfuata Maxine. "Wale wanne ni wako?"

"Nimeambiwa ni wa mshauri. Kawaleta mwenyewe, eti wataonyesha kazi halisi. Toka asubuhi hawajanirudishia kitu. Nimemwomba mmoja ananijibu, 'Baadaye, bibi.' Bibi! Mimi!"

"Za kwao zina risasi."

Kila mtu mtaa ule angecheka. Maxine hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuogopa bunduki, mchana kutwa, kwa niaba ya wasioziogopa.

"Na wewe nikuamini kwa lipi?"

Delyth alitoa magazini ya Glock, akamwekea risasi moja kiganjani. Maxine aliipima uzito. Rangi ikamtoka.

"Mungu wangu. Nisimamishe kazi? Nikipaza sauti tu hawa wote wataganda."

"Ukisimamisha sasa watapiga watu. Waache waje mpaka kwenye ngazi zangu, mbali na umati. Hapo ndipo upaze. Na ile mashine ya mvua nani anaiendesha?"

"Vijana wangu."

"Niazime mpira wake wa maji."

Maxine alimtazama juu mpaka chini. "Ukiurudisha na tundu, nakudai."

"Kamera!" alipaza mwongozaji. "Mvua! Ekshen!"

Mvua ya bandia ikashuka. Wanne wakaachana na Transit.

Kwenye hadithi walitakiwa wavunje mlango wa namba kumi na tisa. Wakaupita. Umati ukashusha pumzi za raha. Mwongozaji akakunja uso, lakini hakusema "kata", maana aliona jinsi walivyokwenda: kimya, wameinama, kila mmoja anamlinda mwenzake. Hajapata kuona waigizaji wazuri kiasi hicho.

Wa kwanza akaona funguo. Akazungusha. Akaingia.

Watatu wakabanana nyuma yake kwenye ngazi nyembamba.

Delyth, nyuma ya pipa la taka, alifungua mpira mpaka mwisho.

Maji yaliwakumba kama ng'ombe dume. Mmoja akapaa juu ya reli akaangukia mgongo. Wa pili akateleza, akamvuta wa tatu, wakashuka ngazi kwa matako. Yule wa tatu akainua bunduki.

Pa!

Glock ya Delyth ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Bunduki ikaruka barabarani.

"SILAHA HALISI!" Sauti ya Maxine ilipasua mtaa. "GANDA! KILA MTU GANDA!"

Mtaa mzima ukaganda. Mpiga kamera, mpambaji wa nyuso, bibi wa biskuti. Waliobaki wakitapatapa ni watatu tu, na sasa kila jicho lilijua ni akina nani. Vijana wa Maxine wa mashine ya mvua, mijitu yenye shingo za fahali, wakawakalia juu na kuwafunga kwa ule utepe mweusi wanaofungia nyaya.

"Ni bibi nani sasa?" Maxine alimuuliza mmoja, goti mgongoni mwake. "Sema tena. Bibi nani?"

Umati ukalipuka kwa makofi.

Delyth alikuwa ameshaingia ndani. Ngazi mbili mbili. Juu, buti lilikuwa likigonga mlango wa bafuni. Ubao wa kwanza umeshapasuka.

"Tupa."

Mtu yule aligeuka na bunduki.

Delyth akampiga risasi ya goti, bila neno jingine. Maneno alikuwa amemwekea mtu mwingine.

Alimnyang'anya bunduki, akamfunga pingu za plastiki. "Ognyan! Uko hai?"

"Umesema nisifungue hata nikisikia sauti yako!"

"Kaa hapo hapo basi."

Alishuka, maji yanamchuruzika kwenye nywele. Sir Jocelyn alikuwa ameinuka. Hakukimbia, watu wa aina yake hawakimbii. Alikuwa anatembea kuelekea Jaguar yake, anatoa tabasamu kushoto na kulia. Dereva alipomwona Delyth anakuja na alichoshika, akatia gia akaondoka peke yake.

Mzee akabaki kwenye reli ya chuma ya namba kumi na moja, kitabu cha shabiki mkononi.

"Probert," alisema kwa upole. "Umelowa, binti. Nenda kabadilishe nguo."

"Soksi zako safi, Kev?"

Tabasamu lilibaki. Macho ndiyo yaliyohama.

"Sijui unamwita nani."

"Chumba cha nyuma, Cwmdulas. Mama yangu alikuwa anakufulia. Bakuli la kwanza lilikuwa lako, mimi nilipewa la mwisho."

Mzee akacheka kidogo, puani. "Yule mtoto wa kwenye kochi. Nani angedhani!" Akasogea, akashusha sauti. "Sikiliza, Del. Baba yako ilikuwa kazi. Nilitumwa niweke baruti, nikaweka. Mtu mzuri, Emrys. Mjinga, lakini mzuri."

"Na wenzetu uliowauza? Huko nako ulitumwa?"

"Wale ni watu waliokwisha kuchakaa. Na wewe utamwambia nani? Utasema Sir Jocelyn Thackray kafanya hivi? Hawa wananipenda, mtoto. Mimi ndiye Jumapili yao."

Klik.

Pingu, za chuma safari hii. Upande mmoja mkononi mwake, upande wa pili kwenye reli. Delyth alimpapasa, akatoa bastola ndogo ya Walther kwenye mfuko wake wa ndani, akaitupa mkokotenini kwa Maxine.

"Angalia kule," alimwambia.

Sir Jocelyn aliangalia. Kamera tatu zilikuwa zimewageukia. Kijiti kirefu cha kunasa sauti kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake, kina manyoya kama paka aliyekufa. Mwongozaji alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamlengalenga. Hakuwa amesema "kata". Nani angekata kitu kama kile?

Mzee akaelewa.

"Zima!" alifoka. "Zima hizo! Konstebo! Wewe askari! Njoo unifungue! Huyu mwanamke ni mwendawazimu! Nimeshambuliwa!"

Konstebo Purdy aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha kamera kwa kope. *Ssh.*

"Mimi si mwigizaji, mpumbavu wewe! Mimi ni Thackray! Ni kweli! Haya yote ni kweli!"

Umati ukapiga mluzi. Simu zikainuliwa juu zaidi. Mashine ya mvua, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaendelea kumnyeshea yeye na koti lake la sufu.

Delyth alisogea karibu, mdomo kwenye sikio lake.

"Alikuwa anaitwa Emrys Probert," alisema. "Leo saa nane Ognyan atawataja wote uliowauza, mmoja mmoja, na watu wa Tume watakuja kukuchukua. Mpaka wafike utakuwa hapa hapa. Piga kelele upendavyo. Baba naye alipiga kelele kwamba hakufanya, na hakuna aliyemwamini."

Akamwacha.

Alimtoa Ognyan bafuni, akamvalisha koti la mtu wa mavazi na kofia ya mtu wa taa. Maxine akawapisha kwenye utepe. Jengo la Tume halikuwa mbali, kando ya mto tu, na jua la kweli lilikuwa bado linawaka.

"Yule mwigizaji," Ognyan alinong'ona, shingo imegeuka nyuma. "Yuko pale. Delyth, yuko pale kabisa."

"Tembea."

Nyuma yao Sir Jocelyn alikuwa anatikisa reli kwa mikono yote miwili, analia sasa, kilio halisi, anawaapia kwa Mungu na kwa Malkia.

Bibi wa biskuti alimmegea shoga yake nusu ya biskuti yake.

"Wengine wote wazuri," alisema. "Ila yule mzee anatia chumvi mno."

Delyth hakugeuka.